Bafle za Grégoire na Mukwe Nisiyemuona

Siku ya Mungu, 12 septembre 1999

Mvua ya kwanza imepiga mabati leo, na mimi nimefungua hii kaye niliyopewa ku bureau. Nitaandika Kiswahili. Kifaransa ninakiandika kutwa nzima pale secrétariat ya parokia, na mutu hapumziki na jembe ile ile aliyolima nayo.

Habari ya leo ni carton. Léopold, ndugu mudogo wa Grégoire, bwana yangu, aliituma kutoka Bruxelles. Padri mumoja aliibeba mpaka Kigali, kisha mpaka hapa kwetu, mutaa ya Nguba. Bwana yangu aliifungua pole pole, kama mutu anayefungua nepi ya mutoto aliyelala. Ndani mulikuwa ampli mupya, ile mashine ya kutia muziki nguvu, nyeusi, nyembamba, na nyuma yake tundu mingi kuliko chujio. Barua ilisema: "Kaka, hii inaomba bafle za kisasa, tano, ndogo ndogo." Grégoire akakunja barua.

"Bafle niko nazo," akasema.

Anazo, ndiyo. Mbili, sanduku za mbao za kutolea sauti, zinazonifika kiunoni. Alizinunua mu 1974, alipokuwa kijana wa laboratoire kule Lwiro, wakati mushahara ulikuwa mushahara. Octobre 1996 tulikimbia vita kwa miguu mpaka Walungu. Tuliporudi, ampli ya zamani ilikuwa imekwenda, disques zimekwenda, hata kitasa ya mulango wa choo imekwenda. Bafle zilibaki sababu ya uzito. Tangu siku ile ni meza zangu: moja inabeba thermos, ingine inabeba sanamu ya Bikira Maria. Na Grégoire, aliyekuwa anapiga mluzi hata akijinyoa ndevu, hapigi tena. Sijamuuliza. Ukiishi na mutu miaka makumi tatu, kuko vitu haviulizwi.

Leo ametua thermos yangu chini bila ruhusa. Nimemugombeza na furaha yote.

Siku ya tano, 17 septembre

Mvua. Mahindi ya kuchoma. Hakuna habari.

Siku ya kwanza, 20 septembre

Shangazi Cibalonza amefika. Ni dada ya marehemu baba ya Grégoire. Miaka yake Nyamuzinda, Mungu wetu, peke yake anaijua. Kule Walungu watu wa bunduki wameingia tena mu kijiji yake, akatoka na kitenge moja, kuku moja, na desturi zote za wazee wetu. Kuku atakufa kesho. Desturi, sijui.

Siku ya posho, 25 septembre

Grégoire amefungua bafle zake. Mu ile ya kushoto panya alizaa. Ile duara ya mupira inayoshika karatasi pande zote ilikuwa imeoza, ukigusa inakuwa unga. Bwana yangu alikaa chini mbele yake kama mutu mu kilio.

"Inaomba fundi," akasema.

Lydie, binti yetu, infirmière ku hospitali, miaka makumi mbili na sita, akajibu mbio mbio: "Papa, kuko mutu kule mutaa ya Kadutu anatengenezaka redio. Anaitwa Cirhuza."

Mbio ile! Mama hadanganywi. Nikamwita jikoni.

"Cirhuza ni nani?"

"Ni fundi, maman."

"Na nini tena?"

Akaangalia miguu yake. "Anataka kuja kujitambulisha."

Pole yangu mimi! Mwaka muzima niko nasali rozari juu ya Cédric, mutoto wa jirani yetu Georgette, anayefanya kazi mu ONG, shirika ya misaada, na kutembea mu jeep ya kioo cheusi. Sasa ni fundi wa Kadutu, mutoto wa walimaji, na kibanda ya mabati! Nilipomwambia Grégoire, alijibu bila kuinua kichwa: "Aje. Akifanya bafle zangu ziimbe na hii ampli, tutaongea habari ya ng'ombe." Alisema kwa mchezo. Lakini mu nyumba hii mchezo ya Grégoire inageukaka sheria.

Siku ya Mungu, 3 octobre

Cirhuza amekuja. Sikumuona.

Nilikuwa nimevaa kitenge yangu ya kushona, ninaenda zangu salon kumupima huyu mutu na macho, shangazi akajisimamisha mu mulango. "Domitille, wapi? Mama mukwe na mukwe hawaonane kabla ya ng'ombe kufika."

"Shangazi, tuko mu ville. Tuko mwaka 1999."

"Ng'ombe haijue mwaka."

Grégoire, ule mwoga, akaangalia dari. Basi mimi, mwenye nyumba, nilikaa jikoni nyuma ya pazia, juu ya kiti ya kumenyea viazi. Nikitaka neno, namwambia shangazi, shangazi anasema, naye anamujibu shangazi.

"Mwambie avue viatu."

"Amekwisha kuvua."

"Mwambie achunge Bikira Maria."

"Amemubeba yeye mwenyewe. Amemutandikia kitambaa ku kiti."

Kumbe hata pa kumusema sipati! Yuko na sauti ya chini, na kikohozi kidogo, na kila anapotaka kugusa kitu anatanguliza "pardon, papa". Alimueleza Grégoire: "Hizi bafle za zamani zinakunywa courant sana, umeme mwingi, papa. Ampli za leo ziko na kifua kidogo. Lakini tutazipatanisha."

Wamekubaliana kujaribu tu wakati kanisa ya réveil, ya walokole, hapa kando inaimba, siku ya Mungu na siku ya ine. Watu wa bunduki wanafuataka muziki. Mu août walisikia télé kwa Georgette, wakaingia, wakachukua télé pamoja na kiti kilichokuwa kinaiangalia.

Siku ya Mungu, 10 octobre

Alileta ngozi ya mbuzi. Aliikata duara, nyembamba kama karatasi ya biskuti, akaibandika pande zote, pahali pa ile mupira iliyooza. Shangazi, aliyekuwa anamulinda kama askari, akaja jikoni kuninong'oneza: "Huyu anajua ngozi." Kwa shangazi hiyo ni diplôme.

Bafle ya kushoto ilimalizika. Alleluia za jirani zilipopanda, wakaiwasha, ile moja peke yake. Sikuona kitu. Lakini ile sauti nzito ya gitaa ilipita mu ukuta, ikaingia mu kabati, sahani zangu zote zikaanza kuongea. Halafu nikasikia kitu ingine: Grégoire anapiga mluzi. Miaka tatu! Nilikuwa nakata vitunguu, basi nililia bila mutu kuniuliza.

Hata hivyo fundi ni fundi. Nimemwambia Lydie hivyo.

Bafle ya pili, gundi yake inapaswa kukauka muda wa wiki moja.

Siku ya ine, 14 octobre

Nyamuzinda unihurumie.

Leo Grégoire anatimiza miaka makumi sita. Alitoka asubuhi kwenda Lwiro kuona wenzake wa laboratoire, arudi saa kumi. Lydie yuko hospitali kazini, shangazi amekwenda misa. Mimi niliomba ruhusa ku bureau, nikasema moyoni: leo bwana yangu atakuta bafle zake mbili zinaimba, siyo moja. Niligusa ngozi ya ile ya pili na kidole. Kavu kabisa.

Nyuma ya ampli kuko tundu mingi, na mimi sizijui. Nikaona pahali nyaya za bafle ya kwanza zimeingia. Nikawaza: pale panajulikana, pale panafanya kazi, kwa nini nimuharibie fundi pahali pengine? Kwetu mugeni wa pili akifika hatumupikii chungu yake. Tunamusogezea sahani ile ile. Chakula ya mumoja inatosha wawili. Basi nikasogeza. Nyaya za bafle ya pili nikazipindia na zile za kwanza, mu tundu moja, nikazifunga na uzi mwekundu wa kushonea ili zishike muzuri. Kanisa ya jirani ilianza kuimba. Nikabonyeza.

Ee, zile bafle! Nilichukua fagio, nikacheza nayo mu salon yangu, mimi mama wa rozari, na makalio haya. Nikapandisha sauti. Nikapandisha tena. Halafu kitu ikasema "pf", muziki ikakufa, na harufu ikatoka mule ndani, harufu ya mupira na ya nywele.

Nilichomoa vyote. Nilipindua nyaya, nilirudisha bafle ya pili pake, nilifungua madirisha. Kisha niliweka vitunguu mu sufuria kavu na kuviacha viungue mpaka vikawa makaa.

Grégoire aliingia saa kumi na dakika tano. "Domi, unaunguza nini?"

"Vitunguu. Heri ya miaka makumi sita."

Akanikumbatia mu ile moshi. Alisema ataacha ampli ipumzike mpaka Cirhuza arudi.

Siku ya Mungu, 17 octobre

Cirhuza alibonyeza mara tatu. Nyuma ya pazia nilihesabu.

Nikasikia anafungua vis moja moja na bisibisi. Kanisa ya jirani iliimba wimbo muzima tangu mwanzo mpaka mwisho. Nilingoja aseme: "Papa, mutu aligusa hapa."

Akasema: "Pardon, papa. Kosa ni yangu. Nilifunga nyaya mubaya."

Grégoire hakupandisha sauti. Angepandisha, ingekuwa afadhali. Alisema tu: "Ni zawadi ya ndugu yangu." Cirhuza akaomba kubeba ampli aende kuichunguza kule Kadutu. Akavaa viatu, akaenda.

Niandike ukweli, kwa kuwa hii kaye haina mutu wa kuisoma. Kitu ya kwanza iliyoniingia moyoni haikuwa haya. Ilikuwa raha. Nilisema: basi, imekwisha, Lydie ataolewa na mutu wa bureau, na mimi sikumufukuza mutu. Haya ilikuja kiisha, na tangu ije haitoki.

Siku ya ine, 21 octobre

Mvua siku nzima. Sombe, majani ya muhogo, imeungua, safari hii bila makusudi.

Siku ya Mungu, 24 octobre

Cirhuza hakuja. Grégoire amefunika bafle na drap ya kitanda. Mluzi imekwisha.

Lydie alilia jikoni. "Nimemuuliza, maman. Anajibu: nilikosea, basi, usimukasirikie mutu. Lakini yeye hakosei! Anapima kila waya mara tatu. Na alinieleza wazi ku portail, mulango ya kiwanja: hizi bafle mbili hazipaswi kuingia mu tundu moja ata dakika moja, kila moja iko na upande yake."

Nilivuta kikapo ya viazi. "Sasa mbona hukutuambia?"

"Papa alijua. Na wewe... nilitaka kukuambia, yeye akakataa. Alisema mukwe hatume amri kwa mama mukwe. Mimi nami niliona, maman haugusake ata tochi ya papa."

Nikamenya viazi vya watu kumi. Tuko wane.

Grégoire amesema atajibu watu wa Cirhuza siku ya posho, 13 novembre, wanapokuja na ng'ombe yao. "Mikono ndiyo chakula yake," ananiambia, "na mikono ile ile imeunguza kitu ya ndugu yangu kwa uzembe. Nimupe mutoto achunge?" Nilisema: "Wewe ndiye baba." Mulomo wangu huu.

Siku ya Mungu, 31 octobre

Toussaint, sikukuu ya watakatifu wote, ni kesho, nimekwenda kuungama. Nikamwambia padri yote, ampli, uzi, vitunguu.

"Maman Domitille," akasema nyuma ya wavu, "bwana yako umemwambia?"

"Bado, padri."

"Sasa unaniletea mimi? Mimi sina ampli."

Nimepewa rozari tatu. Nimezimaliza zote na moyo iko vilevile.

Siku ya posho, 6 novembre

Georgette alimuleta Cédric kutusalimia. Mutu wa heshima, anapendeza. Aliongea habari ya jeep saa nzima. Aliweka chupa yake ya Fanta juu ya kitambaa ya Bikira Maria.

Siku ya tano, 12 novembre

Walipiga risasi upande wa Kadutu asubuhi. Lydie alikimbia ku mulango kusikiliza, akabaki pale na mukono juu ya kitasa, akinuna na kusali pamoja. Saa sita mutu akaleta habari kwamba Cirhuza ni muzima. Niliona uso wa mutoto wangu aliposikia.

Siku ya posho, 13 novembre

Walikuja saa tatu, Cirhuza na baba yake mudogo, muzee Lucien. Ng'ombe moja, nyembamba, imefungwa ku portail. Zingine zililiwa na watu wa bunduki. Mimi nyuma ya pazia, Lydie kando yangu, vidole vyake vimeshika kitenge yangu kama alipokuwa na miaka ine.

Grégoire alianza na maneno marefu ya heshima. Ninamujua. Akiwa na ndiyo, anasema mafupi.

"Ndugu yangu Lucien, ng'ombe yenu ni nzuri, na kijana wenu ni mupole. Lakini mutoto siyo kitu ya kujaribia..."

"Ni mimi!"

Nilisikia sauti, nikagundua ni yangu.

"Domitille!" shangazi akaruka. "Nyamaza, mukwe anasikia!"

"Asikie! Ndiyo ninataka asikie. Grégoire, ampli niliunguza mimi. Siku ya miaka yako. Nilitia bafle mbili mu tundu moja, nilitaka ukute zote zinaimba. Huyu kijana hakuunguza kitu. Mwezi muzima ninamuacha abebe kosa yangu, na mimi naenda komunyo."

Kisha Grégoire, pole pole: "Na vitunguu?"

"Na vitunguu! Kwa makusudi!"

Halafu ile kikohozi kidogo.

"Shangazi," Cirhuza akasema, "pardon. Mumwambie maman asilie. Mumwambie kwamba nilijua. Ile siku ya Mungu, nilipofungua, nilikuta kipande ya uzi mwekundu ku vis. Mimi sifungake na uzi. Papa naye hashonake."

Lydie akaachilia kitenge yangu. "Ulijua!" akapigia pazia kelele. "Ulijua, na ukaniacha nilie mwezi muzima! Cirhuza, ngoja nitoke huku!"

"Tulikuja kuomba mwanamuke mumoja," muzee Lucien akasema, "naona nyumba nzima inatujibu."

Shangazi Cibalonza alisimama. Nilisikia fimbo yake ku ciment. "Grégoire, sikiliza. Tangu nizaliwe ninaona wakwe. Wamoja wanaleta ng'ombe kumi na kumutukana mama mukwe kabla ya kwato kukauka. Huyu alikubali kuitwa mujinga, mbele ya macho ya baba mukwe, kusudi mama mukwe asipate haya. Desturi ni hiyo, siyo pazia. Kama haumupe Lydie, nitamufuata mimi."

Kisha Grégoire akasema maneno mafupi: "Ng'ombe iingie."

Alipokuja jikoni nilikuwa nimefunika uso na torchon ya kupangusia sahani. Nilingoja hasira. Akakaa ku kiti ya viazi.

"Domi. Kabla ya kuungua, ulicheza?"

"Nilicheza."

"Na nani?"

"Na fagio."

"Muda gani?"

"Labda dakika tatu."

Akatingisha kichwa. "Na mimi nilikuwa Lwiro," akasema, na huzuni ya kweli.

Siku ya Mungu, 28 novembre

Avent ya kwanza, Noeli inakaribia. Cirhuza amerudisha ampli. Upande moja umekufa kabisa, vipande vyake havipatikani hapa wala Kigali. Upande uliobaki uko muzima. Ameunga bafle moja nyuma ya ingine: courant inapita kwanza mu hii, halafu mu ile, hivyo ampli haichoke. Hazisemi tena kushoto na kulia, zinasema kitu kimoja. Grégoire anaona ni muzuri zaidi ya zamani. Mimi ninaona anadanganya, na ninamupenda. Nilisikiliza jikoni. Nimemutumia Cirhuza, kupitia shangazi, sahani ya samaki sambaza na ujumbe: samahani. Ilirudi sahani tupu na ujumbe: hakuna kitu.

Siku ya posho, 25 décembre

Noeli. Mvua, kuku, watu wote wazima. Sitaandika zaidi.

Siku ya posho, 8 janvier 2000

Lydie ameolewa leo. Jeshi walifunga barabara moja, tukapita ingine, tukafika kanisani na matope mpaka magotini, bibi harusi naye.

Kiisha misa, inje ya mulango ya kanisa, shangazi alinisukuma mugongoni. "Sasa muangalie, ng'ombe ilikula majani yetu." Nikamuangalia. Yuko na uso mudogo kuliko sauti yake, na kovu ku kidevu ambayo Lydie hakuniambia. Ku vidole, alama za kuungua na fer à souder, chuma ya kuungia nyaya. Alikuwa anaangalia chini.

Nilikuwa nimetengeneza maneno mengi. Likatoka swali moja tu.

"Cirhuza, baba ya Lydie angekataa siku ile. Ungemupoteza Lydie, na ulikuwa na ule uzi mu mufuko. Kwa nini?"

Akakohoa. Mara ya kwanza akasema na mimi bila kupitia mutu.

"Maman, Lydie angepata bwana mwingine. Mama mwingine angemutoa wapi?"

Nilimushika mukono mbele ya watu wote, na sikuuachilia mpaka mupiga picha alipochoka.